Mafuta ya asilia hulinda nywele, hayatibu ngozi ya kichwa

UKIZUNGUKA sokoni, kwenye kituo cha matatu au katika vibanda vya ususi mitaani Bondeni, Kaptembwo na Free Area hapa Nakuru, hukosi kukutana na chupa ndogondogo za mafuta ya nywele. Mengine ni ya nazi, mengine ya mbarika, mengine ya zeituni, na mengine ni mchanganyiko ambao hata muuzaji mwenyewe hawezi kuueleza. Karibu yote yana neno moja kwenye kibandiko: asilia.

Neno hilo limepata nguvu kwa sababu. Kina mama wengi wamechoshwa na kemikali za kunyoosha nywele ambazo huunguza ngozi na kuacha vidonda. Hofu yao iliongezeka Oktoba 2022, matokeo ya utafiti uliofuatilia zaidi ya wanawake 33,000 nchini Marekani kwa karibu miaka 11 yalipotangazwa. Wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupatwa na saratani ya mji wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wale wasiozitumia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba kemikali ndizo zilizoleta saratani, lakini ulitosha kuwafanya wengi watafakari.

Kuziacha kemikali hizo ni jambo la busara. Hata hivyo, kukimbia hatari moja hakumaanishi kwamba kila kilicho kwenye chupa ya pili ni dawa. Msimamo wangu ni huu: mafuta ya asilia ni mazuri, na baadhi ya yale bora yanaweza kukamuliwa hapa hapa Bonde la Ufa, lakini kazi yake ni kuulinda unywele. Hayaotesi nywele mahali zilipong'oka, wala hayatibu ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Anayechanganya mambo haya mawili hupoteza pesa, na wakati mwingine hupoteza nywele zake kabisa.

Si jambo geni

Kupaka mafuta kichwani hakukuletwa na matangazo ya redio. Wamorani wa Kimaasai walisuka nywele ndefu na kuzipaka shahamu iliyochanganywa na udongo mwekundu. Wakikuyu walitwanga mbegu za mbarika na kupata mafuta mazito ya kupaka mwilini na kichwani. Jamii za wafugaji, wakiwemo Wakalenjin, zilitumia siagi na mafuta ya wanyama. Pwani nako, mafuta ya nazi na ya ufuta yamekuwa kwenye vichwa vya kina mama tangu zamani.

Wazee wetu walikuwa na sababu. Nywele zetu zimejisokota. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe hayawezi kuteremka kwa urahisi mpaka kwenye ncha za unywele kama yanavyoteremka kwenye nywele zilizonyooka. Ndiyo maana ncha hukauka na kukatika. Isitoshe, Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi hewa huwa kavu.

Lakini pia inasemekana kwamba jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Yeyote aliyekaa hapa mwezi wa Januari au Februari hawezi kulibishia. Kichwa kilichojaa mafuta mazito kinapokutana na vumbi hilo, matokeo ni tope. Kwa hivyo suala si kupaka au kutopaka, bali ni mafuta yapi, kiasi gani, na wapi.

Kazi ya mafuta ni ipi?

Kuna dhana kwamba mafuta huzipa nywele unyevu. La hasha. Unyevu ni maji, na mafuta hayana maji. Kinachofanywa na mafuta ni kuuzuia unyevu uliopo usitoke upesi, kupunguza msuguano wakati wa kuchana, na kuzipa nywele mng'aro. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu, umeufungia ukavu ndani.

Njia iliyo bora ni kupaka mafuta machache nywele zikiwa bado na majimaji baada ya kuoshwa, ukianzia kwenye ncha na kupanda juu. Ngozi ya kichwa haihitaji kupakwa kila siku, kwa sababu ina mafuta yake yenyewe. Wale ambao huloweka kichwa mpaka mafuta yakachuruzika kwenye paji la uso wasishangae wakiona chunusi zikiwatoka mahali hapo. Mafuta huziba vitundu vya ngozi.

Yapi ya kuchagua

Tuanze na mafuta ya nazi. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Ni ya nazi pekee yaliyoonekana kupunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini kwenye unywele. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na nyoofu, hivyo huweza kupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Wanaopaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha nywele, kisha wakaziosha, wanafanya jambo lenye msingi.

Mafuta ya mbarika, au mbono, ni mazito kuliko yote. Karibu asilimia 90 ni asidi risinoleiki, inayoyafanya yanate kama asali. Yanafaa kwa ncha zilizokauka na kwa nywele zilizosukwa, lakini yachanganywe na mafuta mepesi. Yakitiwa kwa wingi kwenye nywele ndefu huweza kuzigandisha zikawa fundo moja lisilofumuka. Sifa kwamba mbarika huotesha nywele haijathibitishwa na utafiti wowote wa kuaminika.

Hapa lazima nitoe onyo. Mbarika huota ovyo kandokando ya barabara na nyuma ya nyumba zetu, na wapo wanaojaribu kujitengenezea mafuta. Mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini. Mafuta yaliyokamuliwa vizuri hayana sumu hiyo, lakini makapi yanayobaki yanayo. Usiwape kuku wala mbuzi makapi hayo, na usiache mbegu mahali ambapo mtoto anaweza kuzitafuna. Mtoto akizitafuna, mkimbize hospitali hata kama bado anacheza.

Mafuta ya alizeti hudharauliwa kwa sababu ni ya jikoni. Ni makosa. Ni mepesi, hayana harufu kali, na asidi linoleiki iliyomo huisaidia ngozi kujikinga. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha mafuta ya alizeti na ya zeituni kwenye ngozi za watu wazima. Ya alizeti hayakuidhuru ngozi, ilhali ya zeituni yaliidhoofisha kinga yake. Hata hivyo, ni chupa ya zeituni iliyosafiri kutoka ng'ambo ndiyo inayouzwa ghali na kupewa sifa za ajabu. Yafaa kwenye nywele, ndiyo, lakini si lazima uinunue, na sishauri upake ngozi ya mtoto mchanga.

Mafuta ya parachichi, au avokado kama wengi waitavyo, yanapatikana kutokana na matunda yanayojaa Subukia, Bahati na sehemu nyingine za kaunti hii. Mafuta yake yasiyosafishwa ni ya kijani, na hulainisha nywele vizuri. Lakini tofautisha mafuta na tunda. Kuponda parachichi na kujipaka kichwani hakukupi mafuta hayo, hukupa kazi ya kutoa vipande vya tunda kwenye nywele jioni nzima. Bora ulile.

Kisha kuna mafuta ya harufu, yale yanayotolewa kwa mvuke kutoka kwa majani. Hapa kwetu mfano mzuri ni leleshwa, kile kichaka cha majani ya rangi ya kijivu kilichotapakaa kutoka Naivasha na Gilgil hadi Elementaita. Mwingine ni mrozmari, unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Mafuta haya ni makali mno. Yasipakwe yakiwa matupu. Matone machache ndani ya kijiko cha mafuta ya kawaida yanatosha, na ujaribu kwanza nyuma ya sikio au kwenye mkono kwa siku moja au mbili kuona kama ngozi itawasha.

Kuhusu mrozmari, wafanyabiashara hupenda kutaja utafiti uliofanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2015. Ni kweli kwamba baada ya miezi sita wanaume waliotumia mafuta ya mrozmari walipata nafuu sawa na waliotumia minoksidili ya asilimia mbili. Lakini watu walikuwa 100 tu, wote ni wanaume wenye upara wa kurithi, na hakukuwa na kundi lisilotumia dawa yoyote ili kulinganisha. Utafiti huo unatoa matumaini kidogo. Hauwezi kuwa kibali cha kumuuzia mama aliyenyonyoka nywele kwa kusukwa.

Shubiri nayo si mafuta, ingawa huuzwa kando ya mafuta. Utomvu wake hutuliza ngozi, lakini anayeitaka apande yake shambani. Shubiri-mwitu wa Baringo na kwingineko waliwahi kuvunwa kiholela hata mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku uvunaji huo.

Mba si ukavu

Sasa tufike mahali ambapo makosa huwa makubwa. Mtu akiona unga mweupe ukianguka mabegani, husema kichwa kimekauka na kukimbilia mafuta. Mara nyingi huo ni mba, na mba hausababishwi na ukavu. Unahusiana na aina ya kuvu iitwayo Malassezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta. Asidi zilizomo katika mafuta mengi ya mimea, yakiwemo ya zeituni, ndizo inazozitaka.

Kwa maneno mengine, mwenye mba anayejipaka mafuta kila asubuhi anamlisha mgeni asiyemtaka. Kwa siku moja au mbili unga hulowa na hauonekani, naye hufurahi. Wiki ikiisha mwasho unarudi kwa kishindo. Tiba ni kuosha kichwa, si kukipaka. Shampuu yenye ketokonazoli inapatikana katika maduka ya dawa. Iachwe kichwani dakika tano hivi kabla ya kusuuzwa, mara moja au mbili kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Mwenye nywele za kusukwa na afumue kwanza, maana dawa haitafika kwenye ngozi. Mafuta yarudi baadaye, na yapakwe kwenye nywele tu.

Mapunye na watoto wetu

Linalonikera zaidi ni la watoto. Ingia katika shule yoyote ya msingi na utaona vichwa vyenye mabaka ya mviringo, yenye magamba na nywele zilizokatika. Hayo ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Ni ugonjwa wa kuvu unaoambukizwa kwa kugusana, kwa kuazimana vitana na kofia, kwa mashine za kunyolea zisizosafishwa, na wakati mwingine kutoka kwa paka na mbwa.

Mzazi hupewa ushauri wa jirani: paka mafuta ya nazi, paka mbarika, paka kitunguu saumu. Miezi inapita. Kuvu huyu hukaa ndani ya unywele na kwenye shina lake chini ya ngozi, mahali ambapo mafuta, na hata dawa za kupaka, hazifiki. Ndiyo maana madaktari hutoa dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, ambayo kwa kawaida humezwa kwa majuma sita hadi manane pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vizuri. Huko tumboni ndiko mahali pa pekee ambapo mafuta husaidia kutibu mapunye.

Ukichelewa, baadhi ya watoto hupata uvimbe wenye usaha kichwani na mwishowe kovu. Penye kovu nywele haziti tena. Mtoto wa kike atabeba alama hiyo mpaka uzeeni, kwa sababu ya ugonjwa ambao ungetibiwa kwa miezi miwili. Kadhalika, ndugu zake wachunguzwe, na vitana vyao vioshwe au vitupwe.

Na kwa heshima zote, tusisahau chawa. Wapo wanaowapaka watoto mafuta ya taa ili kuwaua. Mafuta ya taa huunguza ngozi, huumiza mapafu yakivutwa, na karibu na jiko huweza kumgeuza mtoto kuwa mwenge. Nakuru ni mji uliojulikana duniani kwa pareto, zao ambalo sumu yake hutumika katika dawa za chawa zilizopimwa. Hatuna sababu ya kurejea kwenye kibatari.

Paji linalozidi kupanda

Kwa wanawake, shida iliyo kubwa ni nywele za kandokando, zile za pajini na juu ya masikio. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa alikuwa na upara unaotokana na kuvutwa kwa nywele. Sioni sababu ya kudhani kwamba hali yetu ni tofauti sana, kwa kuwa mitindo ni ile ile.

Kinachong'oa nywele hizo ni rasta zilizokazwa, matuta yanayovuta ngozi, na nywele bandia zilizoshonwa kwa nguvu, hasa juu ya nywele zilizotiwa kemikali. Ukitoka kwa msusi ukiwa huwezi kulala, au ukaona vipele vidogo kwenye shina la nywele, hiyo ni ishara kwamba mizizi inang'olewa. Wengi humeza dawa ya maumivu na kupaka mbarika. Mbarika haiwezi kushindana na uzi uliokazwa.

Mwambie msusi alegeze. Wewe ndiye unayelipa. Usisukwe mfululizo bila kupumzisha nywele, na usiziache rasta kichwani miezi mingi. Hali ikigunduliwa mapema nywele hurudi zenyewe. Ikiachwa miaka, mizizi hufa. Na ukiona nywele zikipungua utosini huku ngozi ikiwasha au kuchoma, usingoje. Muone daktari wa ngozi, kwani huenda ni ugonjwa unaoacha kovu.

Ushuhuda hautoshi

Najua nitaambiwa kwamba fulani alitumia mafuta ya mtu fulani na nywele zikarudi. Sikatai kwamba zilirudi. Lakini fikiria mama aliyejifungua. Miezi mitatu au minne baadaye nywele humtoka kwa wingi, naye huingiwa na hofu na kununua chupa. Katika muda wa mwaka mmoja nywele hurudi. Zingerudi hata angepaka maji matupu, kwa kuwa hivyo ndivyo mwili unavyofanya. Sifa huchukuliwa na chupa.

Ni hivyo pia kwa mtu aliyeugua homa kali, au aliyepungukiwa na madini ya chuma kisha akala vizuri. Tena nywele zetu hukua polepole, chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Mtu anayekuahidi nywele za mabegani kwa wiki sita hajui hesabu, au anajua kwamba wewe huijui.

Kabla ya kulipa

Mambo machache yatakusaidia. Kwanza, soma kibandiko. Kama kinasema mbarika lakini jina la kwanza katika orodha ni mafuta ya petroli, unanunua vaselini iliyotiwa rangi. Vaselini yenyewe si mbaya, ila usiilipie bei ya kitu kingine.

Pili, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, na namba ya kibali iliyo chini yake. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, mahali ilipotengenezwa wala tarehe haina wa kumlaumu ikikudhuru.

Tatu, mafuta halisi ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya Julai hapa Nakuru joto hushuka chini sana ya hapo. Wapo wanaoyakuta yameganda wakadhani wametapeliwa. Ni kinyume chake: yasipoganda katika baridi hiyo, huenda yamechanganywa na ya kupikia. Yaliyoganda yashike kiganjani na yatayeyuka.

Nne, usinunue mafuta yaliyoanikwa juani kutwa katika chupa ya plastiki. Jua huyaharibu. Yakinuka kama njugu za zamani, yatupe. Nyumbani yaweke penye giza, na ununue kidogo kidogo.

Wakaguzi wa afya wa kaunti nao wana kazi. Sisemi wawafukuze kina mama wanaojitafutia riziki kwa kuuza mafuta. Nasema wawafundishe, wao na wasusi na vinyozi, kwa sababu hao ndio huona vichwa vya watu kabla ya daktari. Msusi akijua mapunye na upara wa kuvutwa, na kinyozi akisafisha mashine yake kwa spiriti baada ya kila mteja, watoto wengi wataokolewa kuliko kwa kuongeza chupa moja zaidi sokoni.

Kwa hivyo, msomaji, paka mafuta yako. Nazi, alizeti, parachichi au mbarika kidogo, yoyote yanayoendana na nywele zako na mfuko wako. Lakini kichwa kikiwasha zaidi ya majuma mawili, kikitoa usaha, au nywele zikitoka kwa mabaka, funika chupa na uende kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukiwa na mtoto mwenye mabaka kichwani, nenda naye wiki hii.